Jozi ya Nane

Ukitaka kumjua Marselino, itazame mikono yake, uso uachane nao. Usoni ni mzee wa kawaida wa miaka sitini na miwili, mkavu, mwenye ndevu za mvi ambazo mkewe Ritha humgombeza azinyoe kila Pasaka inapokaribia. Mikono ndiyo yenye habari. Vidole viwili vya kushoto vilikwenda na gogo mwaka ambao hapendi kuutaja, na vile vinane vilivyobaki havijui kutulia. Vikikuta kigoda kimelala, vinakisimamisha. Vikikuta sufuria imefunikwa upande, vinaifunika sawasawa. Na vikikuta viatu mdomoni mwa duara vimeelekea shimoni, vinavigeuza.

Duara ndilo jina la shimo la dhahabu kwa wachimbaji wadogo wa Geita, hata likiwa na kona nne, na mara nyingi linazo. Kule Nyakabanga, machimbo yaliyo upande wa Rwamgasa, watu hushuka peku ili vidole vya miguu vishike magogo. Viatu hubaki juu, jozi kwa jozi, na desturi ni kwamba ncha zake zitazame nje, upande wa nyumbani. Kiatu kinachotazama shimo, wanasema, kinamwambia mwenyewe abaki huko huko. Wageni hawalijui hilo. Huja na haraka zao, wanavua, wanatupa, wanashuka. Marselino hupita nyuma yao akigeuza, hasemi neno, kama mtu anayefukuza nzi. Hakuna aliyempa kazi hiyo.

Kazi yake hasa ni matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara zisiwafunike watu. Aliijia kwa njia ndefu. Alizaliwa karibu na Kolandoto, mtoto wa mkulima wa pamba, na pamba ilipowatupa akajifunza useremala. Alitengeneza vitanda na majeneza, na majeneza ndiyo yaliyokuwa na wateja. Mwaka mmoja wa njaa akawafuata wenzake Geita, akimwahidi Ritha kurudi baada ya miezi mitatu. Miaka ishirini na saba imepita. Ritha alichoka kungoja akamfuata, na mtoto wao wa kwanza, Onesmo, akazaliwa chini ya turubai machimboni. Tangu hapo wengi humwita Baba Onesmo. Jambo moja hulisema bila kujivuna wala kuona haya: duara alilolifunga yeye matimba halijamfunika mtu.

Duara lililowafunika watu halikuwa lake. Lilikuwa namba sita, miaka mitatu iliyopita, na wenye nalo walimchukua fundi wa bei rahisi. Lilipoporomoka, wasimamizi wakatangaza kwamba waliokufa ni watatu. Wakaleta majeneza matatu, wakasali, wakataka kufukia. Ndipo alipotokea kijana mmoja mrefu, mwenye mkoba begani na daftari mkononi, akasimama mdomoni mwa lile duara na kuanza kuhesabu viatu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Alipofika saba, wanawake waliokuwa wameambiwa waume zao wamehamia machimbo mengine wakapiga yowe.

Huyo ndiye Davis Mwigulu, na tusimpake mafuta kwa sababu tu amekufa. Alikuwa mbishi. Angebishana na mchungaji juu ya mahubiri na mama lishe juu ya chumvi. Aliazima baiskeli ya Marselino akairudisha bila kengele, na mpaka anaingia kaburini hakueleza kengele ilikokwenda. Redio moja ya mjini ilimfukuza kwa sababu alimuuliza mheshimiwa fulani swali hewani, mheshimiwa akazunguka, naye akalirudia mara tatu kwa maneno yale yale. Alipokosa redio akaanzisha gazeti lake, *Tochi*, kurasa nne za kutoa kopi, akilibandika kwenye ukuta wa mabati wa kibanda cha chai. Wasiojua kusoma walisomewa. Wakubwa walituma watu walibandue, na wabanduaji nao wakalisoma kwanza.

Habari ya viatu alielezwa na Marselino. Walikaa wawili juu ya gogo, na kwa kuwa Davis naye alikuwa wa Kolandoto, walisalimiana kwa Kisukuma cha kwao.

"Mwangaluka, Baba Onesmo."

"Mwangaluka, mwanangu. Za nyumbani?"

"Mhola. Niambie basi, kwa nini umevigeuza vile viatu vya wafu? Nimekuona."

Marselino akamweleza yote, kisha akamshika mkono. "Andika kwamba viatu vinabaki juu na vinahesabika. Lakini namna vinavyotazama usiandike. Hilo ni letu sisi wa chini."

Davis, ambaye hakuwahi kumtii mtu, alimtii mzee huyo. Makala yake, "Jozi Saba", ilisomwa mpaka Shinyanga mjini. Kila aliyeisoma alijua kwamba mchimbaji huacha viatu mdomoni mwa duara. Hakuna aliyejua vinatazama wapi.

Lishike hilo, kwa maana ndilo lililomnyima Marselino usingizi mwaka mzima.

Asubuhi ya Alhamisi moja ya Februari mwaka jana, mvua ikiwa imekatika, Marselino alifika machimboni kabla ya wote. Alikuja kukagua duara namba nne, lililofungwa wiki mbili kwa sababu ya ufa. Mdomoni alikuta jozi ya viatu vya ngozi, vimepangwa vizuri, ncha zikitazama shimo. Akainama akavigeuza. Alipokwisha kuvigeuza ndipo macho yalipoona kile ambacho mikono haikungoja: kiatu cha kushoto kilifungwa kwa kamba ya kijani iliyochanwa kwenye chandarua. Nyakabanga nzima ilimjua mtu mmoja tu mwenye kamba ile. Alimulika chini kwa tochi, akaona mguu mtupu, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Askari walikuja. Mmoja akapiga picha viatu, akauliza, "Nani amegusa kitu hapa?" Marselino alifungua kinywa. Kabla hajatoa neno, Nasibu, msimamizi wa machimbo, akasogea mbele.

"Afande, hapa hakuna aliyegusa kitu. Viatu sisi tunaviacha hivi hivi, vikitazama nje. Mtu wa nje hawezi kulijua jambo hili. Huyu kavua mwenyewe, kashuka mwenyewe. Alikuwa anaiba mawe."

Marselino akafunga kinywa. Siku ile aliogopa kuwekwa ndani kwa kugusa ushahidi. Wiki iliyofuata aliogopa kuulizwa kwa nini hakusema wiki iliyopita. Baada ya miezi miwili uongo ulikuwa umeota meno, na mtu mzima, mzee wa kanisa, akawa anazunguka njia ya mbali ili asipite mbele ya ukuta wa mabati.

Taarifa ikatoka: marehemu aliingia kwa hiari yake katika duara lililofungwa, akateleza. Hakuna aliyeulizwa juu ya wale wanaume wawili ambao siku mbili kabla walikunywa chai pale kibandani na kuulizia Davis analala wapi. Labda walikuwa marafiki. Labda aliteleza kweli. Lakini Geita, mtu anayeshuka peke yake katika duara la watu lililofungwa ana jina moja tu, nalo ni mwizi. Jina hilo lilimtangulia Davis nyumbani, na mama yake, Generosa, alilikuta likimngoja bombani siku ya tatu baada ya maziko, akiwa na ndoo kichwani.

Mwaka ukakaribia kuisha. Wiki ya mwisho ya Januari dada wa marehemu, Violeth, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja Nyakabanga. Yeye ndiye aliyeliendeleza *Tochi* kimyakimya, kopi chache kila mwezi. Alimkuta Marselino akichonga gogo.

"Shikamoo, Baba Onesmo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakukaa. Alitoa simu akamwonyesha ile picha ya viatu. Marselino alitazama mara moja, akarudi kwenye gogo lake.

"Mwaka mzima nimebisha," Violeth alisema. "Nimesema kaka aliuawa, nimeandika, nimegombana na kila mtu. Lakini hii picha imenishinda. Davis aliniambia siri yenu ya kugeuza viatu. Aliniambia mimi tu, akaniapisha. Kama angetupwa na watu wa nje, wangejuaje kuvielekeza nyumbani? Kwa hiyo alivivua mwenyewe. Jumamosi ni kumbukumbu ya mwaka. Nimeandika toleo la mwisho. Nimeandika kwamba alishuka mwenyewe, tuombe radhi, mama apumzike. Nikasema kabla sijatoa nikuulize wewe uliyemwona wa kwanza. Kuna neno?"

Tezo lilisimama hewani. Ng'ambo ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe, Nasibu alikuwa ameacha kuzungumza na vijana wake akawageukia wao wawili.

"Hakuna neno, mwanangu," Marselino akasema.

Violeth akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda zake. Na Marselino akamwona jinsi alivyokuwa na akili: hesabu yake ilikuwa sawa kabisa, tarakimu kwa tarakimu, ila mtu mmoja alikuwa amemharibia namba ya kwanza. Walioviweka viatu vile walijua nusu tu, ile nusu iliyobandikwa ukutani. Walimsoma Davis, wakampangia kifo kwa makala yake mwenyewe, wakakosea. Kisha akaja yeye Marselino, alfajiri na mapema, akawasahihishia.

Nasibu alimjia saa tisa alasiri, akiwa na soda mbili. Alikuwa mtu wa tabasamu, Nasibu, na alijua kuongea na wazee.

"Yule binti alitaka nini?"

"Kusalimia."

"Vizuri. Mambo haya yamekwisha, tusiyafukue." Akanywa. "Mzee wangu, kazi yako hapa ipo mpaka uchoke mwenyewe. Tunakuheshimu. Siku ile mikono yako ilituokoa, ujue. Ungeviacha vile ulivyovikuta, machimbo yangefungwa mpaka leo."

Akampigapiga begani, akaondoka.

Marselino aliketi na ile soda mkononi mpaka ikapoteza baridi. Hakuwa amemwambia mtu. Si Ritha, si mchungaji, si Mungu mwenyewe kwa sauti. Asubuhi ile hapakuwa na mtu pale, au ndivyo alivyodhani. Huenda Nasibu alikisia tu, maana nani asiyeijua mikono ya Marselino? Na huenda aliviona vile viatu kabla yake. Mzee aligeuza mambo hayo mawili, akaona hana namna ya kujua ni lipi.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika nyumbani. Ritha alikuwa anachambua mchicha uani. Alimtazama mumewe akiketi, akiinuka, akiketi tena.

"Mwaka mzima unalala ukigeuza mikono kitandani kama unaosha vyombo," alisema. "Nimengoja uniambie. Leo sisubiri tena. Ulifanya nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, na aliposema jina la Davis alilia, mzee wa watu, machozi yakashuka mpaka kwenye zile ndevu. Ritha hakumbembeleza. Aliendelea kuchambua mchicha, lakini majani na mabua akawa anayatia bakuli moja.

"Na yule mama anaitwa mama wa mwizi," alisema hatimaye.

"Nikisema, Ritha, kazi imekwisha. Na si kazi tu. Unawajua watu hawa?"

"Nawajua. Naogopa kuliko wewe." Akalisukuma bakuli kando. "Mungu alikuacha na vidole vinane vya kuharibia, Baba Onesmo. Na ulimi alikupa mmoja, mzima kabisa. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Jumamosi tutakuwa Kolandoto."

Waliondoka Ijumaa asubuhi, wakipitia Bulyanhulu na Kahama. Marselino hakumuaga mtu machimboni. Aliacha tezo lake limechomekwa kwenye gogo ambalo halijaisha, kitu ambacho hajawahi kukifanya maishani.

Ibada ilikuwa saa nne, uani kwa Generosa, kaburi likiwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Watu walikuwa wachache, majirani waliokuja kwa adabu na walimu wenzake Violeth. Kwenye viti vya mbele walikaa wageni kutoka Nyakabanga, waliokuja na shada la maua na magunia mawili ya mchele, na katikati yao, katika suti ya bluu, alikuwa Nasibu. Alipomwona Marselino anaingia, tabasamu lake halikuondoka. Alisogea kidogo, akampisha nafasi pembeni yake. Marselino akapita, akaenda kusimama nyuma na Ritha.

Chini ya meza ya mchungaji kulikuwa na boksi la *Tochi*, toleo la mwisho, la kugawiwa baada ya ibada. Lilikuwa halijafungwa vizuri. Kutoka pale aliposimama aliweza kusoma herufi kubwa: ALISHUKA MWENYEWE.

Mchungaji alisali. Wakaimba. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno la kumkumbuka marehemu, akatazama saa yake, maana hakutegemea mtu. Marselino alihisi mkono wa Ritha mgongoni. Haukumsukuma. Uliwekwa tu.

"Mimi ninalo," akasema.

Alitembea mpaka mbele. Alisimama mbele ya Generosa, mwanamke mdogo wa umbo aliyejifunga kanga mbili, na kwa kuwa hakujua aanzie wapi, alianza na kosa.

"Mama Davis, mimi ndiye niliyevigeuza viatu vya mwanao. Nilivikuta vinatazama shimo."

Kisha akaeleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma, akiruka, lakini alieleza: desturi, siri aliyomkataza Davis kuiandika, asubuhi ile, kinywa alichokifunga mbele ya askari. Violeth alisimama kabla hajamaliza. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile boksi, akaliburuta kutoka chini ya meza, akalikalia.

Nasibu naye akasimama. "Mzee amechanganyikiwa," alisema kwa upole. "Ni umri. Mwaka mzima kimya, leo ndiyo akumbuke? Mbona hukuwaambia askari, mzee?"

"Kwa sababu niliogopa," Marselino akajibu. "Sasa hivi pia naogopa. Lakini niambie wewe, Nasibu. Alasiri ile ya soda ulisema ningeviacha vile nilivyovikuta, machimbo yangefungwa. Wewe ulijuaje nilivyovikuta?"

Ua lote likamgeukia mtu wa suti ya bluu. Nasibu alicheka kidogo, akatazama wenzake, na wenzake wakatazama magoti yao. Alisema kila mtu anaijua tabia ya mzee huyu. Alisema neno moja linaweza kusemwa kwa namna nyingi. Yawezekana alisema kweli. Lakini alikaa, na hakusimama tena mpaka alipotoka, na shada lake akasahau kuliweka kaburini.

Generosa aliinuka akaingia ndani. Watu walidhani ameshindwa. Alirudi na mfuko wa plastiki ambao askari walimrudishia mwaka jana, aliouweka chini ya kitanda bila kuufungua. Akatoa viatu vya ngozi. Ile kamba ya kijani ilikuwa ingali pale.

"Sikuwa pale," alisema. "Nionyeshe mwanangu walimwachaje."

Akampa vile viatu, akatangulia kuelekea kaburini. Watu wakafuata. Violeth alikuja wa mwisho, boksi amelikumbatia, simu imewashwa inarekodi.

Marselino alipiga magoti penye ukingo wa kaburi. Aliweka kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, sambamba, ncha zikielekea kaburini. Alipoviachia tu, mkono wake wa kulia ukaanza kurudi wenyewe, kama ulivyorudi miaka ishirini na saba, uvigeuze ili mtoto wa watu asibaki huko. Aliudaka kwa mkono wa kushoto, kwa vidole vitatu, akaubana kifuani.

"Mama," akasema, "siwezi kuviona hivi. Niruhusu nivigeuze."

Generosa alichuchumaa karibu naye. Alivitazama viatu kwa muda mrefu, kisha akawatazama majirani zake waliosimama, wale wa bombani, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakainamisha macho.

"Hapana, baba," alisema. "Viache hivyo hivyo. Viache mpaka aje aliyeviweka, avigeuze yeye."